Vizimba vya sato visogezwe kwenye kina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wafugaji wenzangu wa samaki wa Kanda ya Ziwa, pamoja na wale wanaotupangia maeneo ya kufugia. Tangu mikopo ya boti na vizimba, yaani nyavu za kufugia samaki zinazoelea Ziwa Victoria, izinduliwe hapa Mwanza Januari 2024, mazungumzo mengi mialoni yamekuwa juu ya chuma, nyavu, vifaranga na bei ya chakula. Maji ambamo kizimba kitaelea huulizwa mwisho, na mara nyingi jibu huwa "hapo karibu na mwalo, mlinzi akione." Naomba tuache kufanya hivyo. Kizimba kilichotiwa nanga kwenye kina cha mita 3, ndani ya ghuba iliyofungika, kitaua samaki hata kama wavu ni mpya na chakula ni cha daraja la kwanza.

Sababu inaanzia chini ya wavu. Chukua kizimba cha kawaida cha chuma, mita 5 kwa 5, wavu ukiwa umezama mita 2. Maji yaliyomo ni mita za ujazo 50. Ukivuna humo kilo 750 za sato kwa msimu, ujue umekwisha kumwaga karibu kilo 1,200 za chakula. Samaki hakigeuzi chote kuwa nyama: zaidi ya nusu ya naitrojeni na fosforasi iliyomo kwenye chakula hicho hurudi ziwani kwa njia ya mkojo, kinyesi na punje zilizozama bila kuliwa. Penye kina na mkondo, uchafu huo hutawanyika kabla haujatua. Kwenye mita 3 unatua papo hapo, unaoza, na kuoza kwenyewe kunakula oksijeni. Baada ya miezi michache tope la chini ya kizimba linakuwa jeusi, linanuka kama mayai viza, na kati ya tope hilo na kitako cha wavu pana mita 1 tu. Upepo ukivuma kwa nguvu usiku mmoja, tope linanyanyuka na kuwafuata samaki ndani.

Kipimo ninachokitetea ni hiki: kati ya kitako cha wavu na sakafu ya ziwa pasipungue mita 3, na kwa vizimba vikubwa kina cha maji kiwe angalau mara mbili ya kina cha wavu. Wapo wataalamu wanaokubali pengo la mita 2. Kwa ghuba zetu zenye tope laini, naliona pengo hilo kuwa dogo mno.

Kupima kina hakuhitaji mashine. Chukua kamba ya mita 20, piga fundo kila mita 1, funga jiwe la kilo 2 mwishoni. Pima pembe zote nne za eneo unalolitaka, kisha katikati, kisha pale nanga zitakapokaa, maana mawe ya Mwanza hayaishii nchi kavu. Unaweza kupata mita 8 upande mmoja, na hatua kumi mbele ukagusa mwamba ulio mita 2 chini ya maji, na wavu ukiusugua mwamba huo wiki mbili tu umetoboka. Kumbuka pia kwamba ziwa hupanda na kushuka. Mwaka 2006 maji yalishuka sana; mwaka 2020 na tena 2024 yakapanda kupita kiasi. Tofauti kati ya vipindi hivyo inazidi mita 2. Kwa hiyo aliyepima mita 5 wakati maji yamejaa na kuridhika, ajiulize atakuwa na mita ngapi miaka ya ukame. Wazee wa mwalo wanajua maji yalifika wapi mwaka 2006, tena watakuonyesha jiwe lenyewe. Waulizeni.

Kina peke yake hakitoshi. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyoshika oksijeni kidogo. Maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba oksijeni hapa kwetu yana kama miligramu 7 kwa lita, ilhali maji yasiyo ya chumvi ya joto hilo hilo yakiwa usawa wa pwani yana zaidi ya 8. Tunaanza tukiwa pungufu. Sato anakula na kukua vizuri akiwa na miligramu 5 na kuendelea. Ikishuka chini ya 3 anapoteza hamu ya kula, na chini ya 2 yuko hatarini. Kipimo cha mchana kitakudanganya, kwa kuwa mwani hutoa oksijeni juani. Usiku mwani huo huo unaivuta, hivyo kiwango cha chini kabisa kinapatikana kabla ya jua kuchomoza. Pima saa 11 alfajiri, kwenye vina vitatu: juu, usawa wa kitako cha wavu, na mita 1 kutoka chini. Rudia siku kadhaa, nyingine za upepo na nyingine za utulivu. Kikundi kisicho na mita ya oksijeni kiazime. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapa Mwanza na chuo cha FETA cha mafunzo ya uvuvi kipo Nyegezi, na watu wa huko wanalijua ziwa hili. Wakati huo huo tengeneza sahani ya sentimita 20, robo mbili nyeusi na robo mbili nyeupe, izamishe kwa kamba upande wenye kivuli cha mtumbwi. Ikipotea machoni kabla ya nusu mita na maji ni ya kijani, mwani umezidi. Hapo usitie kizimba.

Mkondo nao upimwe. Jaza chupa ya plastiki maji hadi ibakize shingo tu juu, iachie, uhesabu muda inaochukua kusafiri mita 10. Dakika 1 hadi 3 ni mkondo mzuri. Ikizidi dakika 8, maji hayo yamelala na hayatabadilishwa ndani ya kizimba. Ikipita kwa nusu dakika, mkondo utaukunja wavu na samaki watachoka kuogelea. Ukishajua maji yanaelekea wapi, panga vizimba safu moja inayoukata mkondo, ili kila kizimba kipokee maji mapya. Kosa linaloonekana sana ni kuviunga vizimba kumi kwa mfuatano, kimoja nyuma ya kingine kuufuata mkondo. Cha kwanza kinapata maji safi, cha kumi kinapokea maji yaliyopumuliwa na vizimba tisa, na mwenye nacho anabaki kulaumu vifaranga. Kati ya kizimba na kizimba acha nafasi isiyopungua upana wa kizimba kimoja. Kati ya safu na safu mimi ningetaka mita 50 au zaidi.

Sasa kuhusu kiunzi chenyewe. Mafundi wetu wa kuchomelea wanaunda vizuri viunzi vya mraba kwa bomba la chuma la inchi moja na nusu: pete ya ndani mita 5 kwa 5, ya nje mita 6 kwa 6, katikati mbao za kukanyagia. Chuma hicho ni kama kilo 200. Ongeza mbao, watu watatu, mfuko wa chakula na wavu uliolowa, unafika kilo 600 hadi 700. Mapipa 8 ya plastiki ya lita 200 yanabeba karibu kilo 1,500, kwa hiyo yatazama chini ya nusu, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu siku ya kuvuna watu wote husimama upande mmoja. Anayebana fedha kwa kuweka mapipa 4 ataona pembe ikizama na samaki wakitoka juu ya wavu. Pipa la chuma lisitumike, linaliwa na kutu kwenye mstari wa maji. Pipa lililobeba kemikali au dawa za mashambani lisiingie ziwani hata likioshwa mara ngapi. Kabla ya kufunga pipa, lijaze chupa tupu zilizobanwa vizibo, ili hata likitoboka lisizame lote.

Kinachokatika kwanza kwenye kiunzi cha chuma ni maungio ya pembeni, kwa kuwa wimbi linataka kukikunja na chuma hakikubali. Ndiyo maana vizimba viwili visichomelewe pamoja. Viungwe kwa mnyororo mfupi na vipande vya tairi katikati, ili kila kizimba kiinuliwe na wimbi kwa wakati wake. Kwenye maji ya wazi, nje ya ghuba, chuma cha mraba hakifai kabisa. Huko panahitaji pete za mabomba meusi ya plastiki ngumu, ambayo hupinda na wimbi na kurudi.

Lakini pete hizo zina mtego wake wa fedha. Pete ya kipenyo cha mita 10 yenye wavu wa mita 5 ina maji ya mita za ujazo 390 hivi. Kwa kilo 15 kwa kila mita ya ujazo unategemea karibu tani 5.9 za samaki, nao watakula kama tani 9.4 za chakula, yaani mifuko 470 ya kilo 20. Kikundi kinachokopeshwa pete hiyo bila bajeti ya mifuko yote 470 kimetegwa. Samaki wanaodumazwa kwa njaa mwezi wa nne hawarudishi mkopo, na chakula cha kuunga-unga cha pumba na dagaa kinachozama kinaishia kwenye lile tope nililolieleza. Afadhali vizimba vidogo viwili vinavyolishwa ipasavyo.

Wavu. Vifaranga vya gramu 5 hadi 10 wapewe jicho la milimita 6 hadi 8, kwenye kizimba kidogo cha kulelea. Wakifika gramu 20 wahamie jicho la milimita 13, na wakivuka gramu 50 jicho la milimita 20 hadi 25. Njia ya hakika ni kuchukua kifaranga mdogo kuliko wote kwenye kundi na kumjaribu: kichwa kikipenya, wavu huo bado. Kuwaacha samaki wa gramu 200 kwenye jicho la milimita 6 kwa kuogopa gharama ya wavu wa pili ni kuwafungia hewa. Jicho dogo huzibwa na mwani na konokono ndani ya wiki mbili au tatu, na maji hayapiti tena. Kila kizimba kiwe na wavu wa akiba, na ulioota mwani utolewe, uanikwe juani, upigwe brashi. Kuusugua ukiwa majini na samaki ndani kunawamwagia uchafu kwenye matamvua. Chagua wavu usio na mafundo, maana mafundo huchuna magamba, na jeraha dogo ndilo mlango wa ugonjwa.

Wavu usiotiwa uzito chini si nyumba. Mkondo unausukuma kitako kinapanda, na ile mita za ujazo 50 uliyohesabia inabaki 30 au pungufu. Jaza saruji kwenye vipande vya bomba la plastiki, kilo 5 kila pembe, au tengeneza fremu nzima ya chini. Uzito ufungwe kwenye kamba ya pembe inayoshuka kutoka kwenye kiunzi; ukiufunga kwenye nyuzi za wavu utachanika hapo hapo. Ndani, kuzunguka usawa wa maji, shona kitambaa cha wavu mwembamba kinachoshuka sentimita 30 na kupanda sentimita 15 juu ya maji, ili chakula kinachoelea kisitoroke na wimbi. Kitambaa hicho kinagharimu kidogo, na bila hicho unawalisha furu, samaki wadogo wa ziwani, walio nje.

Juu funika kwa wavu wa ndege, uliokazwa usiguse maji. Mnandi akiona wavu umelegea anakaa juu yake mpaka unazama, kisha anadona. Fisi maji ndiye mharibifu mkubwa zaidi: haji kula tu, anatoboa, na usiku mmoja unaweza kupoteza nusu ya samaki kwa tundu la upana wa kiganja. Dawa yake ni wavu wa pili wa nje, mgumu, wa jicho kubwa, ulioachana na wa ndani sentimita 30 au zaidi pande zote hata chini. Ukigusana na wa ndani haukingi kitu.

Nanga zinadharauliwa. Zege hupoteza karibu asilimia 42 ya uzito wake likizama, kwa hiyo tofali la kilo 300 linashika kama la kilo 175. Kamba iwe na urefu wa mara 3 hadi 5 ya kina. Kwenye mita 8 ni mita 24 hadi 40. Kamba fupi inainua nanga wimbi linapokuja. Weka boya dogo kati ya nanga na kizimba ili mvuto uwe wa ubavuni, usikivute kiunzi kwenda chini. Magugu maji yakija kwa upepo hukusanyika mbele ya safu nzima na kuisukuma kama tanga, hivyo mlinzi awe na upondo na mtumbwi wa kuyaelekeza pembeni yangali machache.

Idadi ya samaki nayo itoke kwenye maji. Kwa anayeanza, lenga kilo 15 kwa mita ya ujazo siku ya kuvuna. Kizimba cha mita za ujazo 50 ni kilo 750, yaani samaki 1,500 wa nusu kilo. Ongeza asilimia 10 ya watakaokufa, pandikiza vifaranga madume 1,650. Kilo 25 ni za mtu mwenye mkondo mzuri na vipimo vya oksijeni vya mwaka mzima mkononi. Kupandikiza 4,000 "ili wakifa wabaki wengi" kunaviua hivyo hivyo vilivyotakiwa kubaki.

Hata penye kina siku mbaya zipo. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini hulivuruga ziwa, na maji ya chini yasiyo na oksijeni hupanda. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu walipata vifo vikubwa, na upungufu wa oksijeni ulitajwa kuwa chanzo. Dalili ni samaki kupanda juu wakipanua midomo, kujikusanya upande mkondo unapoingilia, na kukataa chakula. Hapo acha kulisha mara moja, maana kusaga chakula kunataka oksijeni zaidi. Wengi hufanya kinyume wakidhani samaki wana njaa. Toa wavu wa nje na kile kitambaa cha chakula ili maji yapite. Samaki waliofikia ukubwa wa sokoni vuna siku hiyo hiyo wangali hai. Waliokufa wafukiwe nchi kavu kwa chokaa. Kuwatupa ziwani ni kuongeza uozo pale pale.

Kwa wanaopanga maeneo, ombi langu ni kwamba eneo lisigawiwe kikundi chochote kabla ya kina, mkondo na oksijeni ya alfajiri kupimwa, na vipimo hivyo vibandikwe mwaloni kila mtu avisome. Kila ghuba iwekewe tani zisizozidiwa, kwa ghuba nzima, kwa sababu kikundi kimoja kikifuata kanuni na jirani yake akajaza vizimba hamsini, samaki wa wote watakufa siku moja. Maji ya kina kidogo yenye matete yaachwe: huko ndiko sato wa ziwani wanakozalia, na mvuvi wa mtumbwi ana haki nako. Njia za mitumbwi ya dagaa zibaki wazi, na kila safu ya vizimba iwe na taa ya jua usiku pembe zote.

Mwenye kizimba ambacho tayari kiko kwenye mita 3 asisubiri kuvuna. Kinaweza kusogezwa na samaki wakiwa ndani. Asilishe siku moja kabla. Aanze alfajiri kukiwa shwari, afungue nanga za nyuma kwanza, avute kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pembe mbili za mbele. Mwendo uwe wa taratibu mno, mita 100 zichukue dakika 10 au zaidi, mtu mmoja akikaa juu ya kiunzi kuangalia wavu wa nyuma. Wavu ukianza kuvimba na samaki kubanwa upande huo, asimamishe mpaka wajipange tena. Nanga mpya ziwe zimeshatiwa jana yake, kamba zikiwa kwenye maboya zikisubiri.

Mfugaji wa samaki,
Ilemela, Mwanza